Nani Alikuambia Nataka Kaka?

"Hii ndiyo ngazi ya mwisho?" Bwana Ghoshal aliniuliza, ameshika goti lake kwa mikono miwili kana kwamba litamtoroka.

"Ya mwisho kabisa, Bwana. Baada ya hii kuna nyingine ndogo tu."

Mkewe, Bi Kaberi, alicheka mpaka ikambidi aketi juu ya jiwe. Walikuwa wametoka Kolkata, watu wazima wawili ambao maishani mwao hawajapanda kitu kirefu kuliko ngazi za nyumba yao, na ndiyo maana walipewa mimi niwaongoze. Njia yetu ni ya wanaoanza. Unatoka kijiji hiki unaingia kile, unalala kwenye nyumba za watu, unakunywa chai kila ukichoka, na theluji unaiona kwa mbali tu. Hata bibi yangu aliipanda akiwa na mimba ya baba. Bwana Ghoshal hakufurahi nilipomwambia hivyo.

"Na huko mbele kukoje?"

"Tambarare."

"Mbona mimi naona kilima?"

"Kwetu hiyo ndiyo tambarare," alisema Jitman.

Hilo ndilo neno la kwanza alilolitoa tangu tulipoondoka Lamdanda asubuhi. Jitman Pun ndiye aliyebeba mizigo ya wageni, kapu mgongoni, mkanda wake ukimkaza paji la uso. Siku nyingine hata ukimlipa hanyamazi. Huimba njia nzima, hunitania kwamba natembea kama bata aliyechelewa sokoni. Siku hiyo alishuka kimya, na kila nilipogeuka nilimkuta ananitazama. Si ule mtazamo wetu wa kuibiana watu wasipoona. Huu ulitulia usoni pangu, ukapita kwenye nyusi, kwenye mdomo, kwenye hereni, polepole, kama mtu anayeizungukia nyumba yake kabla ya kuhama.

Bi Kaberi alinivuta mkono. "Yamu, huyu kijana wako ana nini leo?"

"Si kijana wangu, mama."

"Haya. Na mimi si mnene."

Nikashikwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini moyoni nilikuwa nacheka, kwa sababu nilidhani najua kinachomnyamazisha. Nilidhani ni hofu ya mchumba.

Tulikuwa tumependana kwa siri, na siri yenyewe ilikuwa kwa ajili ya mama. Sisi ni Wagurung, na kwetu mtoto wa mjomba huhesabiwa mposaji wa kwanza kwenye mlango wa binti. Mjomba wangu ana kijana wake, Lokman, askari katika jeshi la Waingereza, ambaye kila mwaka hutuma picha amesimama kando ya gari jingine. Mama alizibandika picha hizo juu ya meko, zikawa nyeusi kwa moshi, na bado akiwa anapika huzizungumzia. Jitman ni Mmagar wa kijiji cha chini, mpagazi mtoto wa mpagazi. Hana picha.

Ila baba alimpenda. Wakati wa mvua zilizopita mlima ulimeguka ukaifunga njia, na usiku huohuo tumbo likamshika baba mpaka akaanza kutuaga. Jitman alimkalisha ndani ya kapu lake, akamfunga kwa shuka, akamshusha kwenye matope mpaka barabarani. Daktari wa mji wa Pokhara alisema wangekawia kidogo tu angekuwa anapokea maiti. Tangu siku hiyo baba haongei na mgeni yeyote bila kumtaja Jitman.

Kwa hiyo tulipatana. Maua ya gurasi yakichanua, baba yake atapanda kwetu na chupa ya raksi, pombe yetu ya nafaka, kuniposa, na baba atakubali kabla mama hajapata pumzi ya kukataa. Sasa mlima wote ulikuwa mwekundu kwa gurasi.

Tulipofika kwenye ukuta wa mawe wa kupumzikia, juu kidogo ya kijiji chetu cha Sirubot, Jitman aliegesha kapu akatoa mkanda kichwani. Wageni walikuwa nyuma, Bwana Ghoshal akipiga picha ng'ombe. Jitman akapiga goti mbele yangu.

"Kamba ya kiatu imelegea."

"Jitman, watu!"

"Ng'ombe tu."

Nikainama karibu na sikio lake. "Mzee anakuja leo?"

"Anakuja."

"Na raksi?"

"Na raksi."

Nilitaka kupiga kelele. Yeye alikuwa anafunga kamba, akaifunga tena juu ya fundo la kwanza, akakaza mpaka mguu ukaniuma.

"Mbona unakaza hivyo?"

"Isije ikafunguka ukiwa peke yako," alisema, akainuka upesi, akajitwika kapu bila kunisubiri.

Uani kwetu palikuwa pamejaa. Akina mama wa kikundi cha kijiji walikuwa wamekwisha kusuka mashada ya maua, mazulia yametandikwa, na kwenye sinia ya shaba palikuwa na mtindi, mchele na rangi nyekundu ya tika, alama ya baraka ya pajini. Na juu ya zulia zuri la baba, lile lisilotolewa mpaka sikukuu, alikuwa ameketi Mzee Harkabir, baba yake Jitman. Amevaa kofia mpya iliyosimama kama boksi. Magoti ameyakusanya, kama mtu anayeogopa kuchafua.

Nilijisemea, mama amekubali! Watu wote hawa, kwa ajili yangu!

"Kanchi!" Baba aliita. Ndivyo anavyoniita, maana ni kitindamimba wake. "Umefika wakati mzuri kabisa. Njoo, umsalimie mzee. Leo mimi na Harkabir tunafungwa mit!"

Nilimsikia vizuri.

Watu wawili wakifungwa mit wanakuwa ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Wanabadilishana kofia na zawadi, wanapakana tika, na kuanzia saa hiyo nyumba mbili ni nyumba moja. Akifa mmoja, mwingine ananyoa nywele. Watoto wa huyu ni watoto wa yule. Ni kaka na dada, na hakuna raksi wala machozi yanayoweza kuwaozesha. Wao, na watoto wao, na wajukuu wao.

"Mtu aliyenizalia mwokozi," baba alikuwa anawaambia wageni wangu, huku amemshika Bwana Ghoshal bega, "nimpe nini? Kuku? Nimempa undugu!"

"Jambo kubwa sana," alisema Bwana Ghoshal, akitafuta pa kuketi.

Mzee Harkabir alinishika mikono. "Binti yangu, mimi mwenyewe sikuamini. Nimepita nje ya ua huu na mizigo ya watu tangu ujana wangu, leo niko juu ya zulia. Juzi nilimpigia Jitman simu huko mlimani. Nikamwambia, mwanangu, Bwana Purnaman anataka tuwe mit, nikubali? Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, kubali, baba."

Nikageuka. Jitman alikuwa anatua kapu la wageni kando ya mlango, polepole mno, kama lina mayai.

"Nakwenda kuteka maji ya wageni," nilisema, nikachukua dumu. Nikapita karibu naye. "Njoo unisaidie."

Bomba letu liko nyuma ya zizi la nyati. Nilifungulia maji kwa nguvu ili yatufunike.

"Ulijua tangu juzi."

"Yamu..."

"Juzi! Jana ukanichumia gurasi. Leo ukanifunga kiatu. Ulijua!"

"Nilitaka siku mbili zaidi."

"Za nini?"

"Za kukuangalia."

"Kuniangalia mimi, au kuangalia nitakavyoanguka?" Maji yalikuwa yamejaa yanamwagika miguuni, hakuna aliyeyafunga. "Nani alikuambia nataka kaka? Ninao kaka wawili. Mmoja yuko Doha, hapigi hata simu. Nimeomba wa tatu?"

"Mama yako aliniita."

"Lini?"

"Kabla hatujapanda. Alinikalisha hapahapa, akanipa na chai. Akasema, najua mnachopanga. Baba yako akija hapa na raksi ya kuposa, nitaimwaga kizingitini watu wakiona, halafu nitamwuliza mbele yao, wewe unayebeba masufuria ya wengine, umeona wapi sufuria ya kumpikia binti yangu? Ndivyo alivyosema. Halafu akasema, lakini kuna njia ya kumheshimu mzee wako, na Purnaman ataifurahia. Chagua."

"Na wewe ukachagua."

"Umemwona baba? Umeiona kofia yake? Amelala nayo jana, jirani kaniambia. Yamu, mzee yule chai yake hupewa nje. Miaka yote, nje, kwenye kikombe cha pembeni. Leo anakunywa ndani."

"Angekunywa ndani kama mkwe!"

"Mama yako asingemruhusu afike ndani."

"Baba angesema."

"Baba yako akibishana na mama yako anashinda lini?"

Ningecheka, siku nyingine.

"Tukimbie," nilimwambia. "Sasa hivi. Vijana wangapi wa vijiji hivi wamekimbia wakarudi na mtoto, na wazee wakawapaka tika? Tika bado haijapakwa, Jitman. Tushuke kwa njia ya mto, jioni tuko Pokhara."

"Na tumwache mzee amekaa pale? Juu ya zulia, anasubiri, mpaka mtu aje amwambie mwanao katoroka na binti wa mwenye zulia?"

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kuachwa."

"Wewe una Lokman. Una Uingereza. Mimi ningekupa nini, mkanda wa pili?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Si kwa kumkosa. Kwa kunipangia maisha.

"Wewe na mama yangu," nilimwambia, "mngefaa sana kuoana. Mnajua kila ninachotaka bila kuniuliza."

Akainama akafunga bomba. Kimya kilipoingia tukasikia viatu vya mama.

"Maji hayajai?" aliuliza mama. Hakumwangalia Jitman. "Wewe, baba yako anakutafuta."

Jitman akaondoka na dumu langu. Aliondoka kichwa chini, kama vile mkanda bado uko kichwani.

"Mama, kwa nini?"

Mama alitoa kitambaa kichwani. Akashika mkono wangu, akaupeleka juu ya paji lake, pale ambapo nywele haziko. Nilipajua tangu utoto. Sikuwahi kupagusa.

"Sikia. Hapa ndipo mkanda ulipokaa kabla baba yako hajajenga nyumba ya wageni. Kuni, mawe, mchele wa watu, na wewe tumboni. Nilikuapia ukiwa humo humo. Paji lako halitaguswa na mkanda."

"Jitman hajaniomba nibebe."

"Hata baba yako hakuniomba." Akafunga kitambaa chake. "Njaa ndiyo iliyoniomba. Sasa ukitaka, nenda kaseme. Mwaibishe baba yako mbele ya kijiji kizima. Mimi sitakuzuia."

Alijua sitasema. Yeye na Jitman, wote wawili walijua. Sijui kama mtu mwingine amewahi kujulikana hivyo na wanaompenda, lakini ni kama kufungiwa ndani ya sanduku lenye kipimo chako.

Tuliporudi, wazee wawili walikuwa wamesimama wanatazamana, zulia katikati yao. Baba alikuwa ameshika koti alilomshonea mwenzake. Mzee Harkabir alikuwa na chupa yake ya raksi ya ulezi, imefungwa shingoni kwa uzi, na jogoo chini ya kwapa. Jogoo huyo alikuwa analalamika, watu wanacheka. Baba alichovya kidole gumba kwenye tika. Mtindi na rangi vikadondoka juu ya mkono wake.

"Watoto wa nyumba zote mbili wasogee," alisema. "Waone kwa macho yao."

Nikasogea. Jitman akasogea. Kidole cha baba kilikuwa kimefika karibu na paji la mzee.

"Baba, usimpake."

Kidole kikasimama.

"Unasemaje, Kanchi?"

Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Usimpake, baba. Mimi na Jitman tunapendana. Muda mrefu sasa. Maua haya yakichanua mzee alikuwa aje kuniposa, ndivyo tulivyopatana. Mkifungwa mit atakuwa kaka yangu. Mimi simtaki awe kaka yangu."

Akina mama wa kikundi walishika mashada yao wasijue wayaweke wapi. Nilimsikia Bwana Ghoshal akinong'ona, "Kumetokea nini?" na mkewe akimjibu, "Nyamaza wewe, hujaona uso wa mtoto?"

Baba alinitazama kwa muda. Kisha akamgeukia Jitman, na katika sauti yake mlikuwa na woga ambao sikuusikia hata siku aliyobebwa kwenye kapu.

"Jitman? Mwanangu? Ni kweli haya?"

Nilimtazama. Nilimtazama kwa kila kitu nilichonacho. Neno moja tu, nilimwambia kwa macho, sema moja tu, mengine yote nitayasema mimi.

Lakini Mzee Harkabir alikuwa amemshusha jogoo chini. Hakuuliza kitu, hakumtazama mtu. Akainua mkono, akaivua ile kofia mpya, akaanza kuikunja vizuri katikati, kwa uangalifu, kama mtu anayejua itabidi airudishe dukani. Akakanyaga kando ya zulia. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye udongo.

Jitman aliuona mguu huo. Nami nilimwona anauona.

"Si kweli, baba," alisema.

Alisema vizuri. Sauti haikukwama hata kidogo.

"Yamu ni dada yangu. Nimemwona hivyo siku zote. Kazini nataniana naye, labda utani ulizidi, akauelewa vingine. Kosa ni langu. Nisameheni."

"Ah!" mama alisema, akapiga viganja. "Jua la njia limempiga mtoto. Tangu asubuhi hajala."

Akina mama wakacheka wote kwa pamoja, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mmoja akanibana shavu. "Hawa mabinti wa siku hizi! Akifungiwa kiatu anaona harusi!" Aliona wapi, sijui. Pengine kutoka mashamba ya juu. Kijijini kwetu hata ng'ombe wana jirani anayechungulia.

Baba hakucheka. Alikaa na kidole chake chekundu hewani, ananitazama, na nadhani aliniamini. Nadhani alianza kuhesabu upya mambo yote aliyoyaona asiyaone. Lakini Mzee Harkabir alikuwa amesharudi juu ya zulia, kofia kichwani, upande upande, anamtazama baba kama mtoto aliyeambiwa sikukuu haijafutwa. Baba akafumba macho. Akampaka.

Wakavalishana mashada. Wakainamiana. Ngoma ikapigwa. Nilisimama palepale na kitu cha ajabu kifuani, uchungu ambao chini yake palikuwa na mahali pasipouma kabisa. Mimi nilisema. Sikuwa na kitu kingine, lakini hicho nilikuwa nacho.

"Kanchi," baba aliita kwa sauti ya chini, akininyooshea sinia. Hakuweza kunitazama. "Mpake kaka yako."

Jitman alipiga magoti mbele yangu. Alikuwa amefumba macho, kope zinacheza.

"Fumbua," nilimwambia, kwa sauti ya kumtosha yeye peke yake.

"Siwezi, Yamu."

"Fumbua. Mimi sikufumba niliposema."

Akafumbua. Yalikuwa mekundu, yamejaa. Nikachovya mtindi, mchele na rangi, nikampaka katikati ya paji, juu ya ule mfereji uliochimbwa na mkanda. Nikabandika punje moja moja, kwa utulivu, mpaka zikashika. Kisha, kama desturi inavyotaka kaka amfanyie dada, akainama akaweka kichwa chake miguuni pangu.

Na dada, naye, anatakiwa atoe baraka. Niliinua sauti ili uani kote wasikie.

"Uishi umri mrefu, kaka. Mlima usikuumize, mto usikuchukue. Uoe mwaka huuhuu, upate mke mzuri kuliko mimi, na mimi nitakuja kucheza harusini kwako mpaka asubuhi. Uzae binti. Akikua, akampenda mtu, akuambie mbele za watu. Nawe umsikie."

Uani pakalipuka kwa vigelegele. Mama peke yake ndiye aliyekuwa ameshika nguzo ya baraza. Mzee Harkabir alipiga makofi kuliko wote, machozi yakimtiririka kwenye makunyanzi.

Jitman hakuinuka. Alibaki amelaza paji lake juu ya miguu yangu, rangi ikinipaka, mabega yake yakitikisika, mpaka watu wakaanza kutazamana. Baba yake akasogea akamgusa mgongo kwa upole.

"Inuka, mwanangu," alimwambia. "Dada yako keshamaliza."